Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto: Maoni Juu ya Kutafsiri Kasi za Diski za Zamani

1.0 Hoja

Wanaoandika Kiswahili cha sayansi wamezoea kuamini kwamba tarakimu haihitaji kutafsiriwa. Neno litatafutiwa istilahi, sentensi itasukwa upya, lakini 5 itabaki 5 na sekunde itabaki sekunde. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haifai pale tunapoandika juu ya kasi ya kuhamisha data katika diski ngumu za zamani na kuilinganisha na vipimo vinavyotumika leo. Kosa linalozaliwa hapo mara nyingi hudhaniwa kuwa la hesabu. Maoni yetu ni kwamba ni kosa la lugha: tarakimu imenakiliwa sawasawa, ila jina la kitu kinachohesabiwa limedondoshwa njiani.

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza kwa nini habari ya mafundi iletwe mbele ya watu wa isimu na fasihi. Tuchukue basi mfano ulio karibu nao. Mtafiti wa fasihi simulizi alirekodi masimulizi na mahojiano mwanzoni mwa miaka ya 2000, akayahifadhi bila kuyabana katika diski ya gigabaiti 40, yaani baiti 40,000,000,000. Sauti ya kiwango cha diski za muziki huchukua baiti 176,400 kila sekunde. Kwa hiyo diski hiyo ikijaa ina takriban saa 63 za sauti. Baadhi ya waliosimulia wamekwisha fariki. Diski nayo imezeeka, na kompyuta pekee inayoweza kuisoma ina mlango wa USB wa toleo la 1.1, ambao kasi yake hutajwa kuwa 12. Kumi na mbili ya nini? Akidhani ni megabaiti 12 kwa sekunde, atapanga kazi ya dakika 56 hivi. Kwa kuwa ni megabiti 12, kazi haiwezi kwisha kabla ya saa 7 na dakika 24, hata mlango ukipitisha data kwa ukamilifu wake wote, jambo ambalo halitokei. Tofauti hii haiishii katika uchovu wa kusubiri. Aliyepanga saa moja hajiandai kwa kukatika kwa umeme. Na zaidi ya hayo, hajiulizi ni sauti za nani zitangulie kunakiliwa iwapo diski itakufa saa ya tatu.

2.0 Kinachohesabiwa

Neno biti lilichapishwa katika maana hii mwaka 1948 na Claude Shannon, ambaye alisema lilipendekezwa na John Tukey. Baiti ilifuata mwaka 1956, ikaasisiwa na Werner Buchholz wa IBM. Jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii ni kwamba baiti ya Buchholz haikuwa na ukubwa maalumu. Ilikuwa kundi la biti, na kundi hilo liliweza kuwa dogo au kubwa kwa kadiri ya mtambo. Baiti ya biti 8 ilienea kutokana na mitambo ya IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, na baadaye ikawa ndiyo kanuni. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na neno hilo katika waraka wa miaka ya 1960 hana budi kuuliza ni biti ngapi kabla hajaandika lolote.

Diski ya kwanza ya kibiashara, IBM 350 ya mwaka 1956, ni mfano ulio wazi. Ilikuwa na sahani 50 na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni 5, na kasi yake ya kuhamisha ilikuwa herufi 8,800 kwa sekunde. Mwanafunzi wa leo akiliona neno herufi huligeuza baiti bila kusita, maana amefundishwa kwamba herufi moja ni baiti moja. Lakini herufi ya mtambo ule ilikuwa na biti 6 za data, pamoja na biti moja ya kuhakiki. Hesabu sahihi ni biti 52,800 kwa sekunde, sawa na baiti 6,600 za leo. Anayeandika baiti 8,800 ameiongezea diski ile theluthi moja ya kasi ambayo haikuwa nayo.

Hata leo herufi si kipimo. Katika mfumo wa usimbaji wa UTF-8, herufi ya Kilatini isiyo na alama huchukua baiti 1 na herufi ya Kiarabu huchukua 2, na irabu zinazowekwa juu na chini ya herufi za Kiarabu huhesabiwa kila moja peke yake. Utenzi mmoja ulioandikwa kwa hati zote mbili utakuwa na ukubwa wa aina mbili. Anayehifadhi miswada ya pwani katika kompyuta analijua hilo bila ya kufundishwa na mhandisi.

Wenzetu wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, ambao husoma nyaraka za ufundi kwa Kifaransa, wanakutana na jina lingine: okteti, lenye kutaja nane ndani yake. Kwa usahihi, okteti inaishinda baiti. Hata hivyo sioni faida ya kuibadilisha istilahi iliyokwisha kukaa vinywani mwa watu. Inatosha kuongeza “za biti 8” pale waraka ulipo wa zamani. Wanaovuka kutoka Kifaransa wakumbuke tu kwamba koma ya kule hutenga desimali, ilhali yetu hutenga maelfu.

Jambo moja la fonolojia linatupa nafasi ambayo lugha nyingine hazina. Katika vifupisho vya kimataifa, tofauti ya biti na baiti imewekwa katika ukubwa wa herufi moja, b na B, na mchapaji aliyechoka huifuta pasipo kujua. Katika Kiswahili maneno yenyewe yanaachana kwa irabu zinazosikika: biti, baiti. Hakuna sikio linaloyachanganya. (Wanaoshughulika na ushairi watatabasamu kwamba baiti inagongana na neno la Kiarabu la nyumba, ambalo pia ndilo asili ya ubeti wetu, lakini mgongano huo haujamdhuru mtu.) Kwa nini basi tunaandika Mb na MB katika sentensi za Kiswahili, tukiacha silaha tuliyo nayo na kuazima udhaifu wa wengine? Kampuni za simu huuza vifurushi kwa megabaiti na kutangaza kasi kwa megabiti, na mteja anayeona kifupisho tu hugawanya kimoja kwa kingine akapata jibu lililokosea mara nane. Wasomi wasimfuate.

3.0 Tele na mfuto

Wauza nafaka wa pwani walikuwa na kibaba cha namna mbili. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa kwa kiganja au ubao hadi nafaka ikalingana na ukingo. Kibaba cha tele kiliachwa na kilele chake. Jina la chombo lilikuwa moja, na mnunuzi mwenye akili hakukubali bei kabla ya kujua ni kibaba kipi kinachosemwa.

Kilobaiti imekuwa na hali hiyohiyo tangu mwanzo wake. Kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta hujengwa kwa vizidisho vya mbili, wahandisi waliona 1,024 iko karibu sana na 1,000 wakaipa jina la kilo. Hiyo ni kilobaiti ya tele. Waliopima mawasiliano ya waya hawakuwa na sababu ya kufanya hivyo: kilobiti yao ilikuwa biti 1,000 kamili, ya mfuto, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Diski ngumu ilisimama katikati ya koo hizi mbili. Kiwanda kiliiuza kwa mfuto, kompyuta ikaionyesha kwa tele, na mnunuzi akadhani ameibiwa. Programu endeshi ya Windows inaendelea kuonyesha kwa tele huku ikiandika jina la mfuto. Ya kompyuta za Apple ilihamia mfuto mwaka 2009.

Kilele hicho hukua kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa. Katika kilo ni asilimia 2.4, ambayo mtu anaweza kuisamehe. Katika mega inakaribia asilimia 5, katika giga inapita 7, na katika tera inakaribia 10. Kwa hiyo uzembe uliosameheka katika waraka wa mwaka 1980 hausameheki tena pale tarakimu zake zinapolinganishwa na za diski ya leo.

Mfano wa ajabu kuliko yote ni wa disketi iliyoitwa ya megabaiti 1.44. Uwezo wake ni baiti 1,474,560. Ukigawanya kwa milioni moja hupati 1.44, ukigawanya kwa 1,048,576 hupati 1.44 pia. Tarakimu hiyo hupatikana tu ukichukua kilobaiti 1,440 za tele kisha ukazihesabu kwa elfu za mfuto. Yaani megabaiti hiyo haikuwa ya tele wala ya mfuto. Ilikuwa ya tatu, na haijapata kutumika kwingine kwa maana.

Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliidhinisha viambishi vipya kwa ajili ya tele: kibi kwa 1,024, mebi kwa 1,024 mara 1,024, gibi na kuendelea. Kilo, mega na giga zikaachiwa mfuto peke yake. Sisi tunavikubali viambishi hivi, ila vinahitaji uangalizi wa kisarufi. Kibibaiti inaanza na ki-, na mwanafunzi anayefuata analojia ya kitabu na vitabu anaweza kutuletea vibibaiti. Tukumbuke kwamba kilo, ingawa ina silabi ileile, haijawahi kuwa vilo. Tunasema kilo mbili, kilo hizi. Nomino za vipimo zilizoingia kwa kupimia hukaa katika ngeli ya I/ZI, na kibibaiti ikae pamoja nazo: kibibaiti moja, kibibaiti 85, kibibaiti zilizosomwa. Hili likiamuliwa mapema litatuepusha na mijadala isiyo na tija.

Lakini istilahi iliyokubaliwa katika jedwali haieleweki darasani kwa sababu imekubaliwa. Hapo ndipo ninapopendekeza tele na mfuto zitumike kama vivumishi vya kufafanulia: “megabaiti ya tele”, “megabaiti ya mfuto”. Atakayepinga atasema kwamba kilele cha kibaba kilitegemea mkono wa mpimaji, ilhali 24 za juu ya 1,000 hazibadiliki. Ni kweli. Hata hivyo sitiari haidaiwi kufanana na kitu kwa kila upande. Inadaiwa kumkumbusha msomaji aulize swali linalofaa, na swali hili ndilo lilelile lililoulizwa sokoni.

4.0 Palipopimwa

Hata tukijua kinachohesabiwa, na tukijua ni tele au mfuto, bado tunaweza kukosea, kwa sababu kasi hupimwa mahali fulani na mahali penyewe hapatajwi. Diski ya ST-506, iliyotolewa mwaka 1980 na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Seagate, inastahili kutazamwa kwa kirefu, maana kiolesura chake kiliigwa na viwanda vingi na tarakimu yake imenakiliwa katika vitabu visivyo na idadi. Tarakimu hiyo ni megabiti 5 kwa sekunde.

Tuifuate hatua kwa hatua. Megabiti 5 za mfuto ni baiti 625,000 kwa sekunde, sawa na kibibaiti 610. Hiyo ndiyo kasi ya biti zinazopita chini ya kichwa cha kusomea. Sahani ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila duara lilibeba takriban baiti 10,416. Lakini si zote zilikuwa data ya mtumiaji. Sehemu ilitumika kwa anwani za sekta, kwa nafasi tupu kati ya sekta na sekta, na kwa tarakimu za kuhakiki. Katika mpangilio uliozoeleka wa kompyuta binafsi, duara lilikuwa na sekta 17 za baiti 512, jumla baiti 8,704. Zidisha kwa mizunguko 60 upate baiti 522,240 kwa sekunde, ambazo ni kibibaiti 510 bila ya baki.

Hata hizo hazikufika. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983, iliyotumia diski ya ukoo huohuo yenye megabaiti 10, haikuwa na wepesi wa kupokea sekta moja na kuwa tayari kabla ya inayofuata kupita. Kwa ajili hiyo sekta zilipangwa kwa kupishana, na ikabidi sahani izunguke mara 6 ili duara moja lisomwe lote. Kilichomfikia mtumiaji hakikuweza kuzidi baiti 87,040 kwa sekunde: kibibaiti 85, au kwa kipimo kinachotangazwa na kampuni za intaneti leo, megabiti 0.7.

Kwa hiyo diski moja ina kasi tatu, zote za kweli: 625,000 ya usoni mwa sahani, 522,240 ya data iliyopangwa, na 87,040 ya mlangoni kwa mtumiaji. Mtu aliyeandika “kasi ya mega 5” na kumwachia msomaji amalizie mwenyewe kuwa ni megabaiti amemtoa katika ukweli wa mwisho kwa mara 57. Nimesoma tasnifu na tafsiri za kutosha kujua kwamba “mega” iliyokatwa mkia haipatikani katika mazungumzo ya vijana tu.

Mtego wa aina hii haukuisha na diski za zamani. Kiolesura cha SATA kilipokuja mwaka 2003 kilitangazwa kwa gigabiti 1.5 kwa sekunde. Mwenye kugawanya kwa 8 atapata megabaiti 187.5, na atakuwa amekosea, kwa kuwa katika waya huo kila baiti husafirishwa kwa biti 10. Jibu ni megabaiti 150. Vivyo hivyo, gigabiti 6 za toleo la tatu ni megabaiti 600 wala si 750. Nne ya tano ya tarakimu iliyotangazwa ndiyo data. Iliyobaki ni gharama ya safari. Hakuna kamusi itakayomwambia mfasiri hivyo, hata iwe nzuri namna gani. Atalijua kwa kusoma waraka mzima kabla ya kugusa tarakimu, kama anavyosoma shairi zima kabla ya kufasiri ubeti wa kwanza.

5.0 Namna ya kuandika

Pendekezo letu kwa waandishi, wahariri na wasimamizi wa tasnifu ni dogo. Tarakimu ya waraka wa asili ibaki kama ilivyo, pamoja na kipimo chake kikiwa neno kamili wala si kifupisho. Ifuatwe na idadi ya biti au baiti kwa sekunde iliyoandikwa kwa tarakimu zote, maana 625,000 haina tele wala mfuto na haiwezi kubishaniwa. Kipimo cha kisasa kije mwisho, na pasemwe palipopimwa. Ukurasa utarefuka kwa mstari mmoja. Sekunde nayo iitwe sekunde. Najua kamusi za zamani ziliipa jina la nukta, na jina hilo ni zuri, lakini anayesoma kwa sauti “moja nukta tano kwa nukta” atawachosha wasikilizaji bure.

Wahariri wengine watasema kwamba utaratibu huu ni mzigo kwa mwandishi ambaye diski si mada yake. Sidhani. Mwandishi wa historia anayetaja frasila za karafuu hulazimika kusema ni sawa na kilo ngapi, wala hatuoni kwamba amepoteza nafasi. Mhifadhi wa kanda za masimulizi anayetaja kasi ya chombo chake anadaiwa adabu hiyohiyo, na pengine zaidi, kwa kuwa anayemfuata atapanga kazi yake kwa tarakimu hizo. Kwa utaratibu huu, sentensi juu ya diski tuliyoijadili ingesomeka hivi: “Diski ya XT ilikuwa na kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwenye kichwa cha kusomea, yaani baiti 625,000, kwa mpishano wa sekta wa 6, data iliyomfikia mtumiaji haikuzidi baiti 87,040 kwa sekunde, ambazo ni kibibaiti 85 au takriban megabiti 0.7.”